Tundu Lissu na siasa za uhamishoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunajibu maswali yanayojirudia kuhusu miaka ambayo Tundu Lissu aliishi nje ya Tanzania, na yaliyomkuta kila aliporudi. Watu wengi huanza na habari za risasi alizopigwa mwaka 2017. Tumezijibu, ila nafasi kubwa tumeipa mikutano ya Bunge, fomu, viapo vya mawakala na tarehe za mwisho, kwa sababu mambo haya ndiyo yaliyoamua mengi kuliko hotuba.

Kwa ufupi, Lissu ni nani?

Ni mwanasheria na mwanasiasa wa Chadema, mzaliwa wa Mahambe, Ikungi, mkoani Singida, mwaka 1968. Kabla ya siasa za uchaguzi alijulikana kwa utetezi wa mazingira na wachimbaji wadogo, hasa mgogoro wa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Aliingia bungeni mwaka 2010 kama mbunge wa Singida Mashariki. Machi 2017 mawakili wenzake walimchagua jijini Arusha kuwa rais wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika (TLS). Mwaka huohuo polisi walimkamata mara kadhaa. Agosti yake ndiye aliyewaambia Watanzania kwamba ndege ya Bombardier iliyonunuliwa na serikali imezuiwa Canada kwa sababu ya deni.

Tarehe 7 Septemba 2017 kulitokea nini?

Ilikuwa Alhamisi. Lissu alihudhuria kikao cha asubuhi cha Bunge mjini Dodoma, akarudi nyumbani Area D mchana. Gari lilimiminiwa risasi likiwa limeshaingia kwenye eneo la makazi ya viongozi, mahali ambapo kwa kawaida kuna walinzi. Risasi 16 zilimpata, na dereva wake akanusurika. Alipelekwa Hospitali ya Mkoa wa Dodoma, na usiku huohuo akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Tarehe 6 Januari 2018 akahamishiwa Ubelgiji, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Leuven. Kwa jumla alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 20.

Nani alimpiga risasi?

Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Watanzania wana jina la jumla kwa wahusika wa matukio ya aina hii: watu wasiojulikana.

Kwa nini Nairobi na siyo Muhimbili?

Ndugu zake na viongozi wa Chadema hawakuwa tayari kumwacha ndani ya mipaka ya nchi siku ileile aliyoshambuliwa. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Utaratibu wa mbunge kutibiwa nje kwa fedha za Bunge hupitia rufaa ya madaktari wa Muhimbili na kibali cha serikali, na asiyepita huko hujilipia. Bunge lilishikilia msimamo huo, kwa hiyo bili ikabebwa na chama, ndugu na wachangiaji. Unaweza kuuona huo ni urasimu wa kawaida. Lakini utaratibu uliotungwa kwa ajili ya mgonjwa wa moyo au figo haukufikiria mbunge anayeogopa kwamba waliomshambulia bado wako nje ya wodi.

Alikuwa mgonjwa au alikuwa uhamishoni?

Vyote, kwa zamu. Kuanzia Septemba 2017 hadi tarehe 27 Julai 2020 alikuwa nje kwa matibabu, na baada ya kupata nafuu aliendelea kukaa huko akidai hakikisho la usalama. Kuanzia tarehe 10 Novemba 2020 hadi tarehe 25 Januari 2023 hakuwa mgonjwa tena: aliondoka kwa kuhofia maisha yake baada ya uchaguzi. Wanaomwita "mkimbizi" kwa vipindi vyote viwili, na wanaosema "alikwenda kutibiwa tu", wote wanapunja nusu ya habari.

Alipotezaje ubunge akiwa kwenye matibabu, wakati nchi nzima inajua alipo?

Swali hili huja kila wiki, na jibu lake ni refu kidogo.

Ibara ya 71 ya Katiba inaorodhesha mambo yanayomfanya mbunge akome kuwa mbunge. Mawili yanahusika hapa. La kwanza ni kukosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika. La pili ni kutowasilisha tamko la mali na madeni kwa mujibu wa sheria. Tarehe 28 Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kiti cha Singida Mashariki kuwa wazi kwa sababu zote mbili.

Wengi huchanganya "mkutano" na "kikao". Kikao ni cha siku moja. Mkutano ni msimu mzima: Bunge huwa na mikutano minne kwa mwaka, wa Januari na Februari, wa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, wa Septemba na wa Novemba. Mitatu mfululizo inaweza kuisha ndani ya miezi tisa hivi. Mtu anayerudia upasuaji wa mguu anaipita kabla hajajifunza kutembea upya.

Tatizo la pili ni neno "ruhusa". Kujulikana kwamba unaumwa hakutoshi kisheria. Inatakiwa barua kwa Spika inayoeleza ulipo na kwa nini haupo, tena kwa kila mkutano. Spika alisema hakuwa na taarifa rasmi, upande wa Lissu ukajibu kwamba dunia nzima ilikuwa na taarifa. Kwenye mabishano ya namna hii, mwenye nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa ndiye anayepata pa kushika.

Tamko la mali nalo hujazwa kila mwaka na kufikishwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kabla ya mwisho wa Desemba. Sheria haina kifungu cha "nilikuwa wodini".

Kilichofuata kilikwenda haraka. Uchaguzi mdogo uliitishwa, mgombea wa CCM akatangazwa kupita bila kupingwa mwezi Julai, na akaapishwa tarehe 3 Septemba 2019. Kesi iliyofunguliwa Mahakama Kuu kupinga hatua ya Spika ilitupiliwa mbali mwezi huohuo. Kati ya tangazo na kiapo ilipita miezi miwili na siku chache.

Mtu aliyekaa nje miaka mitatu anaruhusiwaje kugombea urais?

Ibara ya 39 inataka mambo matano: uraia wa kuzaliwa, umri wa miaka 40, uanachama na uteuzi wa chama cha siasa, sifa za kuwa mbunge, na kutotiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Hakuna sharti la kuwa umelala nchini kwa idadi fulani ya siku.

Sharti la chama ndilo zito kwa aliye uhamishoni. Tanzania hairuhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwaka 2013 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika, lakini Katiba haijabadilishwa. Kwa hiyo mwanasiasa aliye nje anabaki hai kisiasa kadiri chama chake kinavyobaki hai. Chadema ilimchagua Lissu kuwa makamu mwenyekiti (Bara) Desemba 2019 akiwa bado Ubelgiji, na cheo hicho kilimweka ndani ya vikao vya uamuzi.

Kazi ya miguu ya mwaka 2020 ilikuwa hivi: kuchukua fomu Tume ya Taifa ya Uchaguzi, kisha kutafuta wadhamini 200 waliojiandikisha kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati ya hiyo ikiwa ya Zanzibar, halafu kulipa dhamana ya shilingi milioni moja. Wadhamini 2,000 wanasikika wachache mpaka ukumbuke kwamba jina na namba ya kadi ya kila mmoja lazima vioane na daftari la wapigakura. Namba moja ikikosewa, saini hiyo haihesabiki. Timu zenye uzoefu hukusanya ziada kubwa kila mkoa na kuzihakiki kabla ya kurudisha fomu. Urais una uangalizi wa dunia, kwa hiyo Lissu alipita. Kwenye ubunge na udiwani, ambako kamera hazifiki, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa madogo ya ujazaji.

Kampeni yake ilisimamishwa kweli?

Ndiyo. Kamati ya maadili ya Tume ilimfungia siku saba kuanzia tarehe 3 Oktoba 2020 kwa madai ya lugha ya uchochezi. Uchaguzi ulikuwa tarehe 28.

Matokeo ya 2020 yalikuwaje, na nini kilikwenda kombo?

Tume ilimtangaza John Magufuli kwa kura 12,516,252, sawa na asilimia 84.4. Lissu alipewa kura 1,933,271, asilimia 13. Waliojiandikisha walikuwa 29,754,699, na waliojitokeza ni kama nusu yao.

Ukitaka kuelewa lawama za upinzani, acha asilimia na uangalie kituo. Kulikuwa na vituo 80,155. Chama kinachotaka kulinda kura kinahitaji wakala mmoja kwa kila kituo, yaani watu zaidi ya 80,000. Kila mmoja anahitaji barua ya utambulisho, kiapo mbele ya ofisa wa uchaguzi, nauli, chakula cha siku nzima, na ujasiri wa kukaa mpaka kura zihesabiwe usiku. Mambo huharibika kwa mpangilio unaofahamika:

- Wakala anachelewa kuapishwa, au anaapishwa lakini barua haimfikii kwa wakati. Asubuhi msimamizi wa kituo anamzuia mlangoni, na kufika saa nne upigaji kura umeshaendelea saa tatu bila jicho la chama.
- Wakala yupo, ila anaondoka bila nakala ya fomu ya matokeo. Bila nakala hiyo chama hakina cha kulinganisha na majumuisho ya jimbo.
- Nakala ipo, lakini picha yake haiwezi kutumwa. Kuanzia siku moja kabla ya uchaguzi huo Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilibanwa. Waliokuwa na VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, walipenya, wengi wa mawakala vijijini hawakuwa nayo.

Kuna jambo la nne, la kimuundo. Wasimamizi wa uchaguzi majimboni walikuwa wakurugenzi wa halmashauri, watu wanaoteuliwa na Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakiuka Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo. Kwa maoni yetu, uamuzi huo wa Oktoba 2019 ulikuwa na uzito mkubwa kuliko mkutano wowote wa kampeni wa 2020.

Chadema ilibaki na mbunge mmoja wa jimbo, Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini. Sakata la wanawake 19 wa viti maalumu walioapishwa Novemba bila baraka za chama, na kufukuzwa uanachama siku chache baadaye, ni habari ndefu inayohitaji ukurasa wake.

Mbona hakwenda mahakamani kupinga?

Hakukuwa na mlango. Ibara ya 41(7) inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Hapo Tanzania iko mbali na Kenya, ambako Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais mwaka 2017.

Mahakama ya Afrika iliamua tarehe 15 Julai 2020, miezi mitatu na ushee kabla ya kura, kwamba ibara hiyo inakiuka haki za wananchi. Lakini Novemba 2019 serikali ilikuwa imeshajiondoa kwenye tamko linaloruhusu mtu binafsi na asasi kuishtaki mahakamani hapo, na kujiondoa huko kulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Hesabu siku: kati ya uchaguzi na kufungwa kwa mlango huo hazikufika hata thelathini.

Kilichobaki ni Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Huko mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua kesi, ila ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa kitokee au alipokijua. Wanasiasa wengi wamepoteza hoja nzuri kwa kusubiri mwezi wa tatu. Machi 2022 mahakama hiyo iliwapa ushindi Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, na wenzake dhidi ya marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa. Ushindi wa huko hukupa hukumu, na utekelezaji wake unamtegemea aliyeshindwa.

Alitokaje nchini Novemba 2020?

Upinzani uliitisha maandamano, na viongozi wake, akiwamo Mbowe, wakakamatwa. Tarehe 2 Novemba polisi walimchukua Lissu nje ya jengo lenye ofisi za balozi kadhaa za Ulaya jijini Dar es Salaam, wakamhoji na kumwachia. Akajihifadhi kwenye makazi ya balozi wa Ujerumani. Tarehe 10 Novemba alisindikizwa na wanadiplomasia hadi uwanja wa ndege, akapanda ndege ya kwenda Ubelgiji.

Kwa hiyo ukikimbilia ubalozini uko salama?

Uko salama ndani ya geti. Mkataba wa Vienna wa 1961 unazuia askari wa nchi mwenyeji kuingia kwenye ubalozi au makazi ya mwanadiplomasia bila ruhusa. Haukupi haki ya kupokelewa, wala haulazimishi serikali ikuache upite barabarani kwenda uwanja wa ndege. Amerika ya Kusini kuna desturi na mikataba ya hifadhi ya kibalozi, Afrika Mashariki hakuna. Ndiyo maana kilichochukua muda mwaka 2020 ni mazungumzo ya jinsi ya kumtoa getini hadi kwenye ndege, na wenyeji wenye uzito wa kidiplomasia walihitajika kumsindikiza. Mwanachama wa kawaida wa chama asitegemee kufunguliwa.

Nairobi si karibu zaidi kuliko Brussels?

Ni karibu, na karibu huko ndiko kwenye tatizo. Godbless Lema, aliyekuwa mbunge wa Arusha Mjini, alivuka Namanga na familia yake Novemba 2020, akashikiliwa kwa muda Kajiado, kisha akapata hifadhi Canada. Lazaro Nyalandu, waziri wa zamani, alijaribu mpaka huohuo akarudishwa.

Tangu hapo hali imekuwa mbaya zaidi. Novemba 2024 Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi, alikokwenda kwenye uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, akaibukia kizimbani kwenye mahakama ya kijeshi Kampala siku chache baadaye. Januari 2025 mwanaharakati wa Tanzania Maria Sarungi Tsehai alitekwa na watu wenye silaha jijini humohumo, akaachiwa saa chache baadaye baada ya kelele nyingi. Kenya ina sheria ya wakimbizi na imeridhia mikataba ya wakimbizi ya 1951 na ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ya 1969, inayokataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Anayevuka mpaka akiwa na sababu za kisiasa hujiandikisha mapema kwa mamlaka ya wakimbizi na kuwa na wakili anayejua alipo kila siku, kwa sababu ulinzi wa karatasi hauanzi kufanya kazi mpaka karatasi iwepo.

Simu ilimsaliti?

Ushahidi uliotolewa kwenye baraza la kazi jijini London, na kuripotiwa Septemba 2024, unasema kampuni moja ya simu iliipa serikali kumbukumbu za simu ya Lissu, pamoja na mahali ilipo, katika wiki za kabla ya shambulio.

Watu hudhani kwamba VPN au WhatsApp vinaficha mahali ulipo. Havifichi. Simu ikiwa imewashwa huwasiliana na minara kila wakati, hata bila bando, na kampuni huona mnara gani unakuhudumia. Mjini, ambako minara imesongamana, hilo linatosha kujua mtaa. WhatsApp inaficha maneno, haifichi kwamba laini iko Area D saa saba mchana. Kubadilisha laini ndani ya simu ileile hakusaidii, kwa kuwa simu yenyewe ina namba yake ya utambulisho inayoonekana kwenye mtandao. Na laini mpya Tanzania inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo nayo ina jina lako. Njia iliyobaki ni ya kizamani: simu inaachwa nyumbani, au inazimwa kabla ya kuanza safari na siyo ukishafika.

Kiongozi aliye nje anafanya kazi gani hasa?

Anazungumza. Mwaka 2019 Lissu alizunguka Ulaya na Marekani akikutana na wabunge, vyuo na vyombo vya habari. Idhaa za Kiswahili za nje zilimpa muda ambao redio za nyumbani, kwa kuogopa faini na kufungiwa, zisingempa. Twitter, YouTube na vikao vya Zoom vilifanya mengine. Machi 2021, Magufuli alipotoweka hadharani, sauti iliyouliza kwa nguvu zaidi Rais yuko wapi ilitoka Ubelgiji. Kifo chake kilitangazwa tarehe 17 mwezi huo.

Asichoweza kufanya ni kuzuia watu kuhama. Miaka ya 2017 hadi 2019 wabunge na madiwani wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine "kuunga mkono juhudi" za Rais, na tiba ya ugonjwa huo ni kukaa na mtu sebuleni kwake usiku kabla hajasaini barua. Hilo halifanyiki kwa Zoom. Wala hawezi kukagua daftari la wanachama la kata, kusuluhisha ugomvi wa wilaya, au kuonekana msibani. Kwa siasa za Tanzania, kukosekana msibani miaka mitatu ni deni.

Watanzania wa nje wanaweza kumpigia kura?

Hapana. Kura ya urais na ubunge hupigwa ndani ya nchi. Tanzania pia hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima: ukichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, unapoteza wa Tanzania, na sharti la kwanza la Ibara ya 39 linakuondoa kwenye urais. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa namna hiyo tangu Katiba ya 2010. Kwa mwanasiasa wa Tanzania anayefikiria kurudi, pasipoti ya kigeni ndiyo zawadi ghali kuliko zote.

Aliwezaje kurudi 2023?

Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021. Alikutana na Lissu Brussels tarehe 16 Februari 2022, wakati Mbowe bado yuko gerezani kwa mashtaka ya ugaidi. Tarehe 3 Januari 2023 Rais aliondoa katazo la mikutano ya hadhara lililowekwa 2016, na tarehe 25 mwezi huo Lissu alitua Dar es Salaam na kuhutubia Temeke. Lema alirudi Machi mosi.

Ruhusa ya mikutano ilitolewa kwa tamko, bila sheria mpya. Lililotolewa kwa tamko huondolewa kwa tamko. Sheria za uchaguzi zilizopitishwa 2024 zilibadilisha jina la Tume kuwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na kufuta ushindi wa kupita bila kupingwa, mgombea wa pekee sasa akipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ibara ya 41(7) ilibaki.

Kama maridhiano yalikuwepo, mbona aliishia mahabusu?

Januari 2025 Lissu alimshinda Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482 na kuwa mwenyekiti wa Chadema. Msimamo wake ulikuwa kwamba bila mabadiliko ya mfumo hakuna uchaguzi. Alikamatwa Mbinga, Ruvuma, tarehe 9 Aprili baada ya mkutano wa hadhara, na kesho yake akashtakiwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kwa uhaini na kwa kuchapisha taarifa za uongo. Tarehe 12 Aprili Tume ilisema Chadema, kwa kutosaini kanuni za maadili, haitashiriki uchaguzi. Juni Mahakama Kuu ikasimamisha shughuli za chama kutokana na kesi ya mgawanyo wa mali kati ya Bara na Zanzibar. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika akiwa ndani, Samia akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Maandamano yalizimwa kwa risasi, intaneti ikakatwa, na idadi ya waliouawa bado inabishaniwa vikali.

Besigye alipita njia inayofanana: aliondoka Uganda 2001, akarudi Oktoba 2005, na kabla hajamaliza mwezi tangu arudi akawa mahabusu kwa uhaini.

Kwani Lissu ndiye Mtanzania wa kwanza kukimbia kisiasa?

Hata kidogo. Oscar Kambona, waziri wa Nyerere, aliondoka 1967 akakaa London hadi 1992. Baada ya mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, Wapemba wapatao 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Na Dar es Salaam yenyewe ilikuwa mji wa wahamishwa wa nchi nyingine: FRELIMO iliundwa hapo 1962, na Milton Obote aliishi hapo miaka ya Idi Amin.

Nikifuatilia kesi ya uhaini, nitajuaje kama kuna hatua imepigwa?

Sikiliza kitenzi. Kesi "ikitajwa", hakuna ushahidi uliotolewa: mshtakiwa ameletwa, upande wa mashtaka umesema upelelezi haujakamilika au umeomba tarehe nyingine. Kesi "ikisikilizwa", shahidi amepanda kizimbani. Kisutu haina mamlaka ya kusikiliza uhaini, ndiyo maana Lissu hakutakiwa kujibu shtaka hilo pale, ila alijibu la taarifa za uongo na kulikana. Mahakama hiyo ya chini hukamilisha hatua ya kusoma maelezo ya mashahidi na vielelezo, kisha jalada hupanda Mahakama Kuu, ambako kesi hii ilifika na Lissu akajitetea mwenyewe. Uhaini hauna dhamana, na adhabu yake ni kifo.

Kuna njia moja kesi huisha bila hukumu. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kusema hana nia ya kuendelea, na mahakama haina uwezo wa kumlazimisha. Ndivyo Mbowe alivyotoka tarehe 4 Machi 2022, wiki mbili baada ya jaji kuamua kwamba ana kesi ya kujibu. Kufutwa kwa namna hiyo hakumzuii Mkurugenzi kumshtaki mtu upya kwa maelezo yaleyale.